S ya Salama

Najma, Doha

Ndugu yangu Nyakundi,

Kuna jambo nimekuficha tangu siku aliyokufa Baba, nalo linahusu trekta. Nimelitanguliza mbele ya salamu makusudi, kwa maana najijua: nikianza na salamu nitasalimu mpaka karatasi iishe, kisha nitatia sahihi na kujiona nimefanya kazi. Sasa limeshaandikwa kwa wino na siwezi kulirudisha.

Basi pokea salamu zangu. Hujambo wewe, na goti lako je? Shemeji Moraa amepona kile kifua? Nasikia mvua imewachelewesha huko Borabu, na kwamba fahali wako mwekundu amejifunza kufungua lango kwa pembe. Nilicheka nilipoambiwa, na kucheka siku hizi hunigharimu pumzi.

Mimi naweza kusema sijambo, kama desturi inavyotaka, lakini moyo wangu umechoka na kazi yake. Daktari aliniambia maneno mengi ya upole ambayo sikuyahitaji. Nilikuwa nimeshajua kutoka kwa binti yangu Kerubo. Wajua yeye ni muuguzi hapa, na ndiye anayenitunza. Kwa muda mrefu tuligombana kila mlo juu ya chumvi. Siku hizi hagombani. Muuguzi akikuachia kibakuli cha chumvi mezani, amekuaga.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Macho yangu hayawezi tena hizi simu, kwa hiyo Kerubo ndiye aliyeufungua, na chumba kizima kikakusikia. Uliniomba mambo mawili. Kwanza, nikusamehe kwa ile gia uliyoiacha, kabla mmoja wetu hajaondoka. Pili, siku yako ikifika, nikuruhusu uzikwe katika shamba la Baba, hata kama ni kando ya ua, hata kama ni upande wa miguuni pake. Ulisema hutaki mahali pa heshima, unataka kuwa karibu tu. Kerubo alilia. Aliniambia, Baba, mjibu Baba Mdogo ndiyo, kwani utapungukiwa nini? Nikamwambia nitafikiri. Tangu hapo ananipa dawa bila kuniangalia usoni, kwa kuwa anaamini baba yake ana moyo wa jiwe. Laiti ningekuwa nao, usingechoka hivi.

Ningeweza kukujibu kwa sauti, lakini sauti yangu ni ya mwalimu na imezoea kujitetea. Kalamu hainitii sana, na hiyo ni afadhali. Barua utaletewa na Peninah, yule binti wa kwa Mzee Onyancha anayefanya kazi za nyumbani huku. Anakuja likizo. Hajui amebeba nini, na Kerubo pia hajui.

Kilichonisukuma kuandika si maradhi. Ni trekta jingine.

Huku siku ya ibada ni Ijumaa. Tunapelekwa Mesaimeer, kwenye ule ua mmoja mkubwa wenye makanisa yote, na kila taifa linaimba kwa lugha yake. Ibada ikiisha, Wakenya husimama kivulini wakiulizana habari za nyumbani na kulalamikia mabosi. Kuna dereva mmoja wa Nyandarua, Wanjohi, mtu wa maneno mengi na mkarimu. Ijumaa hiyo alikuwa akiwasimulia wenzake kwamba bosi wake, mzee wa Kikatari anayeitwa Bu Nasir, amenunua trekta la kale kutoka ng'ambo ili lipambe shamba lake la huko kaskazini, ambako familia hupumzika wakati wa baridi. Limefika, limepakwa rangi, limepigwa picha, lakini haliwaki. Mafundi wamekuja wakaondoka. Stata inazunguka, akasema, inalia wiii kama mbu sikioni, lakini haishiki. Mmoja akamshauri alilete kanisani liombewe. Mwingine akasema hapana, hilo ni la Waislamu, lipelekwe kwa imamu. Walicheka sana.

Kerubo, ambaye hunisifu mbele za watu zaidi ya anavyonisifu nyumbani, akasema baba yake alifundisha mitambo ya kilimo maisha yake yote. Wanjohi akanigeukia, akavua kofia, akasema kumbe tuna fundi wa kweli hapa na sisi tunampa kiti cha plastiki tu! Ningeweza kukataa. Lakini hewa ilikuwa ya baridi nzuri, na nilikuwa nimechoka kuangalia ukuta wa jirani na kusikiliza mashine ya hewa ikikohoa kunishinda mimi. Tukaenda.

Nyakundi, nilishuka garini nikaliona. Lilikuwa ndilo. Simaanishi lile letu lenyewe, kwa maana letu niliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu na nikaangalia likikatwa. Lakini hili lilikuwa pacha wake: rangi ile ya kijivu, pua ile fupi, kiti kile cha bati chenye matundu. Katikati ya miguu ya dereva palikuwa na mkono wa gia, na chini yake kibati cha herufi. Nikakipangusa vumbi kwa kidole. Namba za gia zilikuwa pale, na pembeni, peke yake, S.

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini nataka barua hii isomwe na wengine, kwa hiyo naeleza. Trekta la aina ile halina kitufe cha kuliwashia. Waliolitengeneza waliifunga stata, ile mota inayoizungusha injini mpaka iwake, kwenye mkono wa gia. Ukitaka kuliwasha ni lazima uutoe mkono kwenye gia na kuusukuma mpaka kwenye S, na hapo tu ndipo moto wa betri unapata njia ya kufika kwenye stata. Yaani likiwa ndani ya gia haliwezi kuwaka, na likiwaka haliwezi kukurukia. Mzungu aliyemwachia Baba trekta alipokuwa akihama Borabu alimwonyesha herufi ile na kusema neno la Kiingereza ambalo Baba hakulishika. Baba alikuwa amejifunza kusoma kwa Kiswahili, misheni. Akaamua S ni Salama. Nasi sote tukaamua hivyo hivyo. Kila asubuhi alisimama mbele ya lile gurudumu kubwa la nyuma, kiganja juu ya mpira kama mtu anayemtuliza ng'ombe, akauliza, "Iko Salama?" Nawe ukiwa kitini ukajibu, "Iko Salama, Baba," ukasukuma mkono, likawaka. Nilipokwenda chuoni nikajua S ni ya Kiingereza na maana yake ni kuwasha tu. Nilirudi nyumbani nikawaambia. Baba akasema Kiingereza kimekosea.

Kwa Bu Nasir nilikaa kwenye kiti kando ya trekta nikawa macho, Wanjohi akawa mikono. Mwenye shamba alikuja kwa fimbo, amevaa kanzu nyeupe, mzee wa rika letu. Akaagiza chai ya maziwa na iliki, akasema kwa kinywa cha Wanjohi kwamba hapa tuko wazee watatu, yeye, mimi na trekta, tuone nani atawaka wa kwanza. Nilimpenda mtu yule.

Nilimwagiza Wanjohi aiguse betri na vichwa vya waya, akaviona safi. Nikamwambia asukume mkono kwenye S, nikasikiliza. Wiii. Stata inazunguka, lakini kile kigurudumu cha meno kilicho kwenye ncha yake hakiruki kwenda kushika meno ya injini. Hilo lina sababu mbili za kawaida. Ama kigurudumu kimegandwa na grisi ya kale kwenye mhimili wake, ama moto unaoifikia stata ni dhaifu, kwa hiyo inazunguka kivivu na kigurudumu hakipati kishindo cha kukirusha. Breki za trekta zilikuwa zimekufa na ardhi ina mteremko, kwa hiyo mimi mwenyewe nilimwambia Wanjohi alitie gia ya kwanza lisimteleze, ndipo aishushe stata. Akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaikausha bila kuipaka grisi, maana grisi hukamata vumbi. Akairudisha, akajaribu tena kwenye S. Wiii ile ile. Akarudisha gia ya kwanza.

Basi kosa lilikuwa pale palipobaki: kile kibati cha shaba chini ya mkono wa gia, kinachopitisha moto mkono ukifika S. Kilikuwa kimechakaa. Nikamwambia afungue. Lakini jua lilikuwa limepanda, naye alikuwa na njaa. Akaniambia, Mzee, kwetu hatuteseki hivi, kwetu tunapiga bisibisi tu. Akaichomoa mfukoni, akainama kwenye stata ili aunganishe misumari yake miwili ya kufungia waya kwa chuma cha bisibisi, moto uruke moja kwa moja bila kupitia kwenye S. Na Bu Nasir alikuwa ameinuka kitini. Alikuwa amesimama mbele ya gurudumu kubwa la nyuma, kiganja juu ya mpira.

Kerubo anasema nilipiga kelele kwa Kigusii. Mimi nakumbuka tu kwamba nilishika kanzu nyeupe na tukaanguka wote wawili mchangani, na chai ikanimwagikia kifuani. Wanjohi alibaki ameinama, bisibisi hewani. Alipoangalia mkono wa gia akaelewa, akakaa chini akaanza kusema Mungu wangu, Mungu wangu. Baadaye akaniuliza nilijuaje. Nikamwambia nilisoma kitabuni.

Bu Nasir alinishika mkono akaniombea dua ndefu. Wanjohi akafungua kibati cha shaba, akakisugua kwa msasa, akasukuma mkono kwenye S, na trekta likawaka mara moja kama lililokuwa likingoja kuulizwa vizuri. Kipande cha msasa, Nyakundi. Dawa ilikuwa kipande cha msasa. Ijumaa iliyofuata kanisa zima lilijua kwamba mzee wa Kerubo ameokoa mtu, na watu wakapanga foleni kunipa mkono. Niliipokea mikono yote.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana nimezunguka vya kutosha.

Ulikuwa msimu wa kulima, nami nimekuja likizo. Wewe ulikuwa umeacha shule ili fedha za zao letu la pareto zinisomeshe mimi. Hilo tulikuwa hatulitaji, lilikuwa linakaa mezani kama mgeni. Trekta liligoma, stata ikalia wiii, na Baba akatangaza hadi sokoni kwamba halina neno, msomi yupo. Watu wakaja kuona msomi akitengeneza. Nilifungua nilichokijua, nikafunga, nikafungua tena. Sikujua kosa liko wapi, na sikuwa tayari kusema sijui. Asubuhi Baba alinitetea. Kufikia adhuhuri akachoka kunitetea, akauliza mbele ya watu wote kama kule chuoni tunafundishwa trekta au tunafundishwa kula kwa uma. Wakacheka mpaka wengine wakashika miti. Wewe hukucheka. Ulisema, kwa ule upole wako unaoniudhi hadi leo, kwamba si aibu, unakwenda kuazima ng'ombe wa Mzee Onyancha walivute mpaka liwake. Ng'ombe wavute trekta la msomi! Hilo lilinichoma kuliko kicheko chao.

Kabla ya kuondoka ulifanya kama dereva mwema afanyavyo kwenye mteremko. Ulitia gia ya kwanza. Hukukosea. Hakuna popote duniani ambapo hilo ni kosa, na mimi nimelifundisha kwa miaka mingi kama jambo la kwanza. Watazamaji walikufuata wewe, kwa kuwa ng'ombe wana mchezo zaidi. Tulibaki mimi na Baba.

Nilipiga bisibisi.

Ulirudi ukikimbia na ng'ombe, ukipiga mbinja, kwa sababu ulikuwa umesikia injini ikinguruma kutoka mbali ukadhani ndugu yako ameshinda. Mbinja ile bado naisikia. Ilikatika katikati.

Jioni uani, pale pale pa ajali, walikaa wazee wa ukoo, chifu na afisa wa polisi. Nilisema nilikuwa napangusa waya tu, likawaka lenyewe likamrukia Baba, kwa kuwa Nyakundi aliliacha ndani ya gia. Ulikubali gia. Hukukana hata mara moja. Ulisema neno moja tu zaidi: kwamba trekta hili haliwezi kuwaka likiwa kwenye gia, ni lazima liwe Salama kwanza, kwa hiyo kuna jambo limefanyika. Wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Afisa akauliza kama hayo ni kweli. Bisibisi ilikuwa kwenye nyasi karibu na kiatu chake, ncha yake imeungua. Nikajibu, kwa Kiswahili kizuri cha shule, kwamba likizeeka linaweza.

Uliniangalia, kisha ukaangalia mikono yako. Nadhani hapo ndipo ulipoanza kuniamini.

Yaliyofuata wayajua kwa kuwa ulilipa wewe. Walikuzuia kutupa udongo kaburini. Mama hakula tena chakula kilichotoka jikoni kwako, akafa hivyo. Shamba likaandikwa jina langu, nawe ukaenda kuchuma chai ya watu Kericho, na uliporudi ukajenga kwenye ardhi ya upande wa mkeo kama mtu asiye na kwao. Hukupanda trekta tena. Na siku ile uliposimama kanisani, mvi zimeshaanza, ukatubu mbele ya watu wote kwamba uzembe wako ulimuua baba yako, mimi nilikuwa kiti cha mbele. Nilisema Amina.

Mimi nilifundisha. Kila mwaka, somo la kwanza, nilichora stata ubaoni na kuwaambia wanafunzi wasithubutu kupiga bisibisi, wakague gia, wamwondoe mtu mbele ya gurudumu. Niliwasisitizia mpaka wakanipa jina. Waliniita Mwalimu Salama. Liliniganda, likaandikwa hata kwenye keki ya kuniaga.

Sitakuambia niliteseka usiku na mchana. Si kweli. Nilikula, nilicheka, nilizaa watoto. Lililo kweli ni baya zaidi: nilikuchukia kwa kuniamini. Ungeendelea kubisha, labda ningevunjika. Lakini wewe ulichukua uongo wangu ukaubeba kwa adabu, na kila nilipokuona na kofia yako mkononi langoni kwangu, ukiomba kuingia kuona kaburi, nilikasirika kana kwamba umekuja kunidai. Ndiyo maana nilikuwa nikikuambia uje siku nyingine.

Kuhusu maombi yako. La pili si langu kukupa. Shamba ni lako; nitamwambia Kerubo hivyo mbele ya Wanjohi, na atalitekeleza. Zikwa mkono wa kuume wa Baba. Mimi nisiletwe. Wanizike huku huku. La kwanza siwezi kulijibu, kwa kuwa hakuna gia ya kusamehewa. Nami sikuombi msamaha, maana najua utanipa kesho yake, na sijui niuweke wapi. Ninachokuomba ni kimoja: waite wazee waliobaki, uite kanisa, barua hii isomwe kwa sauti, na asomaye asiruke mstari.

Nisalimie Shemeji Moraa na umwambie alikuwa na haki ya kutonipenda. Wasalimie wanao na wajukuu, na Mzee Onyancha kama bado anasikia. Kerubo anakusalimu sana. Hajui bado ni salamu za aina gani anazituma. Mungu awape mvua.

Limebaki jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mstari wa kwanza. Watu watasoma kuhusu bisibisi na watasema, kijana, haraka, hakujua kama lilikuwa kwenye gia. Baba hakusimama pale kwa bahati mbaya, Nyakundi. Aliniona nimeinama, akaja kwenye nafasi yake ya kila siku, akaweka kiganja juu ya gurudumu. Nadhani alikuwa amejutia kile kicheko, kwa maana aliniuliza kwa sauti ya chini, kama alivyokuuliza wewe kila asubuhi, "Iko Salama?" Sikuinua kichwa kuangalia mkono wa gia. Nilikuwa bado nimemkasirikia. Nikamjibu, "Iko Salama, Baba."

Kaka yako,
Nahashon Mogaka